Nafasi wazi za 1943: malezi ya watoto Marekani wakati wa vita

Serikali ya Marekani ilipotumia fedha za Sheria ya Lanham, iliyogharimia huduma kwenye miji ya viwanda vya vita, kuendesha vituo vya kulelea watoto wa akina mama waliokuwa viwandani, vingi vilianza vikiwa na nafasi tele. Wapinzani wa vituo hivyo wakadaka hoja: mama humwamini bibi au jirani, si kituo. Hoja hiyo inawaonea wanawake wale.

Anza na saa. Zamu ya jioni kwenye viwanda vya meli iliisha usiku wa manane. Kituo kinachofungwa saa 12 jioni kingemfaa nini mwenye zamu hiyo, hata kwa senti 50 kwa siku? Kisha njia: basi moja hadi kituoni, jingine hadi kazini, huku petroli ikiwa ya mgao. Tena vituo vingi havikupokea walio chini ya miaka 2. Mama mwenye mtoto wa miaka 4 na kichanga ilibidi amtafutie kichanga jirani. Akishampata, mkubwa naye anaachwa hukohuko.

Katika jiji la Portland, Oregon, kampuni ya kuunda meli ya Kaiser ilijenga vituo viwili mwishoni mwa 1943, langoni mwa viwanda vyake vya Swan Island na Oregonship. Vilikuwa wazi usiku na mchana, kwa watoto wa miezi 18 hadi miaka 6. Vyumba 15 vilizunguka ua wa kuchezea. Mabeseni ya kuogeshea yaliinuliwa ili mlezi asivunjike mgongo. Wiki ya siku sita ililipiwa dola 5, na mtoto wa pili dola 3.75. Mtoto akiwa na mafua, palikuwa na chumba cha wagonjwa na muuguzi. Mama akiagiza mapema, alitoka zamu na chakula kilichopikwa, senti 50 kifurushi.

Hata huko watoto walikuja polepole mwanzoni, na ada haikufidia gharama. Pengo lilibebwa na serikali kupitia mikataba yake na Kaiser ya kuunda meli. Katharine Lenroot wa idara ya shirikisho ya watoto naye alikuwa na hofu yenye msingi: kichanga kwenye kundi hukosa mtu mmoja wa kumzoea.

Lakini hadi Julai 1944 vituo vya Lanham vilikuwa na watoto wapatao 130,000. Ilipotangazwa Agosti 1945 kwamba vitafungwa, serikali ilipokea barua 1,155, simu za maandishi 318, kadi 794 na maombi yenye saini 3,647. Fedha zikaongezwa hadi Februari 1946.