Sindano za antibiotiki za kinga zinaisha lini?

Mwaka jana baba mdogo aliletwa Mwanza kutoka Ukerewe akiwa hajitambui, kaumia kichwa kwenye ajali ya bodaboda. Alilala ICU, wodi ya wagonjwa mahututi, siku 19, mrija kooni, mashine ikimpumulia. Zamu yangu ilikuwa ya duka la dawa: kila asubuhi vichupa viwili vya seftriaksoni, antibiotiki ya sindano. Nesi anaingiza maji kwenye ule unga, anatikisa mpaka uyeyuke, anausukuma polepole mshipani.

Siku ya saba nikamuuliza, "Dada, hii inatibu nini hasa?"

"Ni ya kinga tu, kaka. Asije akapata nimonia."

Nikauliza inaisha lini. Akafunua faili. Tarehe ya kuanza ipo, ya kuisha hakuna.

Simlaumu nesi yule, na hofu yake naielewa. Mgonjwa wa mashine hawezi kukohoa, mate yenye vijidudu yanapenya kandokando ya mrija hadi kwenye mapafu. Na kinga yenyewe si ndoto. Waholanzi wanaitumia tangu miaka ya 1980: dawa ya kupaka mdomoni na nyingine ya kupitishia tumboni, pamoja na sindano ya siku 4. Utafiti wao wa 2009, kwenye ICU 13 na wagonjwa karibu 6,000, ulikadiria kuwa vifo vya ndani ya siku 28 vilipungua kwa watu kama 3 katika kila 100. Ukishakaa kwenye benchi nje ya ICU, huwezi kuiita 3 ndogo.

Ila angalia: sindano ni siku 4, basi. Tena ni nchi yenye usugu mdogo, yaani vijidudu wachache wasiosikia dawa, na maabara inaotesha sampuli za wagonjwa hao mara kwa mara ili kuona ni vijidudu gani na dawa ipi inawaua. Dawa hizo za mdomoni na tumboni zilipojaribiwa bila sindano katika nchi sita za Ulaya zenye usugu zaidi, majibu ya 2018 hayakuonyesha kupungua kwa maana kwa maambukizi ya damu ya vijidudu sugu.

Sisi tuko upande upi? Watafiti wa hapa Mwanza wameandika kwa zaidi ya miaka 10 kuhusu Klebsiella na E. koli, bakteria wa tumboni, wenye kimeng'enya kinachoivunja seftriaksoni. Ukimpa mgonjwa sindano hiyo wiki nzima, wadudu dhaifu wa tumboni wanakufa, wale sugu wanabaki na uwanja wote. Wanagawiana vinasaba vya usugu, kisha wanapanda mikono yetu hadi kitanda cha jirani. Kwa hiyo kinga ya baba mdogo ilikuwa pia hatari kwa kijana aliyelala pembeni yake, na hakuna aliyemuuliza mama wa kijana yule kama anakubali.

Msimamo wangu ni huu: asianzishiwe mtu dawa ya kinga bila tarehe ya kuisha kuandikwa palepale. Kwa upasuaji tunajua tayari, aghalabu dozi moja kabla ya kisu inatosha. Na sampuli ichukuliwe mapema, ndugu wakielezwa kwa nini. Kunyanyua kichwa cha kitanda na kumsafisha mgonjwa kinywa hakuhitaji kwenda famasi. Maji je? Tunaishi ukingoni mwa ziwa kubwa kuliko yote Afrika, na sinki la kunawia mlangoni pa wodi ile lilikauka siku tatu mfululizo. Hilo liliniuma kuliko bei ya dawa.

Nasi ndugu tuna sehemu yetu. Mimi mwenyewe nilimsihi daktari aongeze dawa kali, nikidhani ndiyo kumpenda baba.

Siku ya nane daktari mwingine akatoa makohozi yapelekwe kuoteshwa. Majibu yalirudi siku ya 11: Klebsiella. Wakabadilisha dawa, ya bei kubwa mno, ukoo ukachangishana, na baba mdogo akapona. Karatasi ninayo bado. Kwenye mstari wa seftriaksoni pana herufi R, yaani sugu. Nilikuwa nimeshanunua vichupa 22.