Biddy Mason: Ujira wa Ukunga au Bei ya Kiwanja?

Biddy Mason akitajwa, ubishi ni ule ule. Wapo wanaosema mkunga huyu aliyezaliwa utumwani Marekani alitajirika kwa jasho lake. Wengine wanasema alibahatika tu kumiliki kiwanja Los Angeles ikiwa bado kimji kidogo.

Uhuru aliupata mahakamani Januari 1856, Jaji Benjamin Hayes alipomzuia Robert Smith, bwana aliyekuwa akimmiliki, kumpeleka Texas, kulikokuwa bado na utumwa, yeye na wenzake 13. Sheria ya California haikumruhusu mtu mweusi kutoa ushahidi dhidi ya mzungu, hivyo jaji alimsikiliza faraghani. Baadaye Mason alifanya kazi ya uuguzi na ukunga kwa daktari John Griffin, dola 2.50 kwa siku. Mwaka 1866 akanunua ardhi mtaa wa Spring kwa dola 250. Hizo ni siku 100 za ujira, lakini zilimchukua miaka kumi, kwa kuwa alikuwa na mabinti wa kulea. Hapo jasho halina mpinzani.

Upande wa pili unapata nguvu baadaye. Reli ya Southern Pacific ilifika 1876, na wakazi 11,183 wa Los Angeles wa mwaka 1880 wakafika 50,395 mwaka 1890, na bei ya ardhi ikapanda nao. Hakuna mkunga anayelipwa hivyo! Ila bei ya ardhi humpandia yule ambaye bado hajauza, na kutouza kuna gharama: kodi inadaiwa, na tumbo halingoji. Mason aliendelea kukaa nyumba ya kupanga, akaishi kwa ujira, kiwanja akakishikilia. Mwaka 1884 aliuza kipande tu, kwa dola 1,500, mara sita ya bei aliyonunulia chote. Palipobaki akajenga jengo la matofali: chini vyumba vya biashara vya kupangisha, juu makazi yake. Angeuza chote, asingepata tena kiwanja pale. Kwangu, uamuzi huo unazidi bahati.

Katika mambo ya umma analaumiwa kwamba hakuingia siasa, alitoa sadaka tu: kutembelea wafungwa, kulisha waliokumbwa na mafuriko. Lawama hiyo inamwonea. Hakujua kusoma, na wanawake wa California walipata kura 1911, miaka 20 baada ya kifo chake. Mlango uliokuwa wazi ni kanisa, na mwaka 1872 First AME, kanisa la Kimethodisti la Wamarekani weusi, lilianzishwa nyumbani kwake. Lipo hadi leo.