Walimu Wetu Wastaafu Wanastahili Wasifu Mrefu Zaidi

Kwa maoni yangu, sisi Watanzania tunajua kumzika mwalimu kuliko tunavyojua kumkumbuka. Nimeishi Marekani kwa muda wa kutosha kuona jinsi watu wa huku wanavyoagana na walimu wao waliostaafu, na mwaka jana nilirudi nyumbani kumzika baba yangu, aliyefundisha shule za msingi katika mikoa ya Dodoma na Singida hadi alipofikia umri wa kustaafu kwa lazima wa miaka 60. Nimeona kwamba kila upande una jambo ambalo upande wa pili umelikosa, na kwamba tulilolikosa sisi halihitaji fedha wala mfadhili.

Nianze na lile tunalolifanya vizuri, kwa sababu ndilo ninalolililia nikiwa huku. Siku ya maziko ya Baba walifika watu wengi ambao hakuna mwanafamilia aliyewaalika. Habari zilikuwa zimesambaa kwenye makundi ya WhatsApp tangu usiku ule ule, na kabla hatujamaliza kufunga turubai walikuwa wameshaanza kuingia wanafunzi wake wa miaka ya themanini, wengine wakiwa na mvi: wauguzi, mafundi, wakulima, askari, na mzee mmoja aliyesoma darasa la ngumbaru, ambaye alisema wazi kwamba aliyemfundisha kuandika jina lake ndiye huyo aliyelala mbele yetu. Kina mama walileta kuni na unga, vijana wakachimba kaburi, na mama yangu hakulala peke yake hata usiku mmoja hadi matanga yalipoanuliwa.

Linganisha na msiba wa jirani yangu wa huku, mwalimu mstaafu wa hesabu. Ibada yake ilipangwa Jumamosi ya mbali ili watu wasikose kazi, ikachukua muda usiozidi saa moja, na Jumatatu iliyofuata mwanawe alikuwa amesharudi ofisini. Sheria ya kazi ya serikali ya shirikisho haimlazimishi mwajiri kumlipa mtu anayekwenda kuzika. Majimbo machache yametunga sheria zake, lakini wafanyakazi wengi hutegemea utaratibu na huruma ya mwajiri. Mjane alibaki na kadi za pole zilizopangwa juu ya meza na nyumba iliyojaa ukimya. Sitamani hata kidogo tuige hayo, na inaniuma kuona baadhi ya familia za mijini kwetu zikianza kuona wingi wa waombolezaji kuwa usumbufu.

Hata hivyo, taarifa ya tanzia ya mwalimu yule ndiyo iliyonifanya niandike haya. Ilichapishwa katika gazeti la mji wetu, ambalo kama magazeti mengi ya huku hutoza kulingana na urefu wa tangazo, na familia ilikubali kulipia maelezo marefu. Aliyeyaandika alikuwa binti yake. Hakuanza na vyeo. Alianza na mkewe na watoto, akaeleza jinsi baba yao alivyojifunza kuoka mikate baada ya mikono ya mama kuanza kuuma, na jinsi alivyokuwa akimruhusu mwanafunzi kurudia mtihani hadi ashike somo, jambo lililomgombanisha na wakuu wake. Mwishoni waliombwa wale waliotaka kutuma maua wachangie badala yake mfuko wa kuwasomesha wanafunzi wa shule aliyofundisha. Mimi nilikuwa nikisalimiana naye uani kila siku, na bado nilimfahamu zaidi kwa kusoma ukurasa ule. Maktaba ya mji huhifadhi magazeti hayo, hivyo kitukuu ambaye hajazaliwa ataweza kumsoma babu huyo.

Wasifu wa Baba ulisomwa kwa muda wa dakika tano hivi. Marehemu alizaliwa mwaka 1952, akabatizwa, akasoma, akahitimu Chuo cha Ualimu Mpwapwa mwaka 1973, akafundisha katika vituo vilivyotajwa kwa mfuatano, akastaafu mwaka 2012, akaugua, akafariki, na ameacha mjane, watoto sita na wajukuu. Kisha mwongoza ratiba akaita salamu za rambirambi, na karibu kila salamu, ya ofisi ya elimu, ya chama, ya kwaya, ilikuwa ndefu kuliko maisha ya marehemu. Hakuna aliyekosea, ndivyo sote tulivyozoea. Lakini nilipokuwa nikisikiliza nilijiuliza kama mgeni aliyesimama pale angeweza kumtofautisha Baba na mwalimu mwingine yeyote wa rika lake.

Wasifu ule haukusema kwamba mwaka 1987, Mama alipolazwa hospitali ya mkoa kwa miezi mingi, Baba alikuwa akiamka kabla ya jogoo, anafunga madumu matatu kwenye baiskeli, anakwenda kisimani kupanga foleni pamoja na wanawake na mabinti, anarudi kutupikia uji, kisha anafika shuleni kabla ya wanafunzi kuhesabu namba. Jioni alifua sare zetu mwenyewe, na vifungo vilivyodondoka alivishona kwa mwanga wa kandili, akiwa amekaa pembeni ya rundo la madaftari aliyokuwa hajamaliza kuyasahihisha. Wanaume wenzake walimcheka kilabuni. Hakuwahi kuwajibu, wala hakumtafuta binti wa ndugu yeyote wa kuja kumsaidia kazi, kwa sababu alisema binti huyo naye alipaswa kuwa darasani. Kwangu mimi hilo ndilo somo kubwa kuliko yote aliyowahi kufundisha, na halimo katika karatasi yoyote.

Upo pia upande wa taifa, na hapa naona uharaka. Azimio la Musoma la Novemba 1974 liliitaka nchi ifikishe elimu ya msingi kwa kila mtoto ifikapo 1977, wakati walimu wenyewe hawakuwapo. Vijana waliomaliza darasa la saba waliingizwa kufundisha huku wakijifunza ualimu hapo hapo vijijini, kwa masomo ya posta na ya redio, chini ya uangalizi wa walimu kama Baba, ambao baada ya vipindi vya asubuhi waliwafunda wenzao mchana na kuwafundisha watu wazima jioni. Sensa ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba takribani watu wazima wawili kati ya watatu hawakujua kusoma na kuandika. Kufikia 1986, kwa takwimu za Serikali, waliobaki walikuwa chini ya asilimia 10. Mwalimu Nyerere, aliyefundisha shule ya Pugu kabla ya kuacha kazi hiyo mwaka 1955, tunamkumbuka kila tarehe 14 Oktoba, na ni haki yake. Waliosimama mbele ya ubao kulitimiza Azimio lile sasa wana umri wa miaka sitini na kitu, sabini na themanini, na wanaondoka mmoja mmoja pamoja na habari zao.

Najua wapo watakaosema kwamba kuandika mambo ya ndani ya nyumba ni kujisifu, au kwamba haipendezi mzee wa heshima kutajwa akifua nguo. Nawaelewa, na nakiri kwamba tanzia za huku nazo humfanya kila marehemu kuwa malaika. Lakini staha yetu imekuwa na gharama: watoto wa kiume wanakua wakisikia misibani kwamba mwanamume hupimwa kwa vituo vya kazi na idadi ya watoto, na hawasikii alivyowalea watoto hao.

Wasifu uanze kuandikwa mzee akiwa hai, naye mwenyewe akiulizwa. Waliosoma kwake waombwe kuandika japo aya moja, kwa kuwa wanayajua mambo ambayo familia haiyajui. Msibani usomwe ule mfupi, na ule mrefu upelekwe nakala katika shule alizofundisha na maktaba ya mkoa. Simu zile zile zinazokusanya michango ya jeneza na usafiri zinaweza kukusanya kumbukumbu hizi, na tulio mbali tunaweza kuifanya kazi hiyo kwa sababu haihitaji mtu awepo mahali.

Sisi tumeanza wa kwetu, tukiwa tumechelewa. Mama anasimulia, mdogo wangu anarekodi kwa simu, mimi naandika usiku nikitoka kazini. Miaka ya Mpwapwa na ya Kondoa imepata wasimulizi wazuri. Miaka minne ya Manyoni, 1981 hadi 1984, bado haina hata mwanafunzi mmoja tuliyempata, na dada yangu amemwandikia ofisa elimu wa kata kuomba majina kutoka katika vitabu vya zamani vya mahudhurio.