Mama Anasema Amepona, Mwana Anasema Amezimwa

Kuna nyumba moja Tanga ninayoingia bila kupiga hodi mara mbili. Kijana wao wa pili, sasa ana miaka 26, aliugua akiwa chuoni. Alikesha akijibizana na watu asiowaona, akakataa chakula cha nyumbani kwa madai kwamba kimetiwa sumu, na asubuhi moja akatoka na panga kumtafuta jirani aliyeamini kuwa ndiye anayemtumia sauti. (Niseme mapema: wagonjwa wengi hawashiki panga, na mara nyingi wao ndio hudhurika zaidi kuliko wanavyodhuru.) Familia ilikwenda kwa waganga wawili, ikamfanyia kisomo, kisha ikafika kliniki ya akili. Akaanzishiwa haloperidoli, mojawapo ya dawa za kizazi cha zamani. Baada ya wiki chache sauti zilipungua, na panga mama akalificha chini ya kitanda chake.

Ukimuuliza mama leo atakwambia, "Alhamdulillahi, mwanangu amepona." Ukimkuta kijana peke yake barazani atakwambia, "Kaka, mimi sijapona. Nimezimwa."

Mabishano mengi kuhusu dawa za saikosisi, yaani hali ya kusikia au kuamini yasiyokuwapo, hupotelea hapo. Faida yake huonekana na walio nje: kelele zimekwisha, mtoto analala usiku, majirani wameacha kuchungulia. Madhara yake mengi hukaa ndani ya mwili wa mtu mmoja, tena mtu ambaye neno lake limeshazoeleka kupuuzwa kwa sababu "huyo si mzima". Hivyo watu wawili wakweli hukitazama kidonge kimoja, kila mmoja akatoa hukumu yake, na hakuna aliyedanganya.

Anayetaka kuzilaani dawa hizi aanze na hali ilivyokuwa kabla yake. Mathari ya Nairobi ilianza kupokea wagonjwa wa akili mwaka 1910, Mirembe ya Dodoma mwaka 1927, na kwa miaka mingi kilichokuwapo kilikuwa kuta, walinzi na dawa za kulaza usingizi. Hata Ulaya hawakuwa na la maana: walizimisha watu kwa insulini, wakakata nyuzi za ubongo, na aliyebuni ukataji huo akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1949. Mabadiliko yalianza Paris mwaka 1952, pale Jean Delay na Pierre Deniker wa hospitali ya Sainte-Anne walipowapa wagonjwa wao klopromazini, dawa ambayo daktari wa upasuaji Henri Laborit alikuwa akiitumia kuwatuliza watu wanaoingia chumba cha upasuaji. Huku kwetu ilifika kwa jina la Largactil, na wauguzi wa zamani mpaka leo hulitaja jina hilo kuliko jina lake halisi. Na vijijini, nyumba isiyo na dawa mara nyingi bado ina kamba au mnyororo. Mtu anayesema dawa hizi ni "pingu za kemikali" hajakosea kabisa, ila awe amewahi kuona kidonda kinachoachwa na pingu za chuma kwenye kifundo cha mguu.

Ushahidi wa faida hauko kwenye masimulizi tu. Mwaka 2012 jarida la Lancet lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 65 yenye wagonjwa wa skizofrenia (ugonjwa wa akili wenye saikosisi ya kudumu au ya kurudi rudi) karibu 6,500, ambao walikuwa wametulia kwa dawa. Baadhi waliendelea nazo, wengine wakabadilishiwa wakapewa vidonge visivyo na dawa ndani. Katika muda wa mwaka mmoja, ugonjwa uliwarudia watu 27 katika kila 100 waliobaki na dawa, na 64 katika kila 100 walioondolewa. Katika tiba, tofauti kubwa namna hiyo haipatikani kila siku. Lakini namba hizo zina la pili la kusema: wapo 27 waliomeza vizuri na bado wakaugua, na wapo 36 ambao walikaa mwaka mzima bila dawa na hawakurudiwa. Shida ni kwamba hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoweza kukuonyesha mapema wewe uko kundi lipi.

Je, wanaozimeza wanazionaje? Jaribio kubwa la Marekani lililotoa matokeo mwaka 2005 lilifuatilia watu 1,493 kwa miezi 18. Katika kila 100, 74 waliacha dawa waliyopangiwa kabla muda haujaisha: wengine haikuwasaidia, wengine iliwaudhi, wengine waliamua tu basi. Jambo lililowashangaza wengi ni kwamba dawa moja ya kizazi cha zamani ilifanya kazi karibu sawa na nyingi za kizazi kipya zilizouzwa kwa bei kubwa. Olanzapini, ya kizazi kipya, ndiyo watu walidumu nayo zaidi, na ndiyo iliyowanenepesha zaidi. Ninaikumbuka habari hiyo kila ninapomsikia mtu akisema wagonjwa wetu "wanaacha dawa kwa ujinga". Wamarekani nao, tena wakiwa ndani ya utafiti wenye wauguzi wa kuwafuatilia, waliziacha.

Sasa nifike kwenye jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, nalo ni dozi. Karibu dawa zote hizi hufanya kazi kwa kuziba vipokezi vya dopamini, kemikali inayopeleka ujumbe kwenye ubongo. Mwaka 2000 watafiti wa Toronto walipima kwa picha za ubongo wagonjwa 22 waliougua kwa mara ya kwanza, wakitumia haloperidoli ya miligramu 1 au 2 na nusu tu. Walikuta kwamba mgonjwa huanza kupata nafuu vipokezi vikizibwa kiasi cha asilimia 65, na kwamba kukakamaa na kutetemeka huanza vikizibwa zaidi ya asilimia 78. Kati ya nafuu na maudhi pana ujia mwembamba, na dozi ndogo sana iliwafikisha wengi ndani yake. Kidonge kinachotolewa sana kwenye madirisha yetu ya dawa ni cha miligramu 5. Si ajabu kumkuta mtu ameandikiwa kimoja asubuhi na viwili usiku, akabaki hivyo miaka sita kwa sababu kila mwezi daftari lake linaandikwa neno moja: "aendelee".

Katika dozi kama hizo ndipo huonekana yale mambo ambayo mtaani watu huyadhani ni ugonjwa wenyewe. Uso haucheki. Mikono haiyumbi mtu akitembea. Udenda. Shingo inapinda ghafla, na ndugu wanarudi mbio kwa mganga kwa sababu jini limekaza. Baya zaidi, kwa maoni yangu, ni lile la miguu kukosa utulivu: akikaa anataka kusimama, akisimama anataka kutembea, ndani anahisi kama anachemka. Ukimtazama kwa nje utasema amechachamaa upya, na daktari mwenye wagonjwa sitini kwenye foleni huenda akamwongezea dawa ile ile inayomsumbua. Hapo tiba imekuwa chanzo cha dalili inayotibiwa.

Dawa ya kulegeza mkakamao ipo, Artane, nayo wengi huandikiwa sambamba na haloperidoli tangu siku ya kwanza. Mwenye shingo iliyopinda itamwokoa kweli. Lakini inakausha kinywa, inafunga choo, inapunguza kumbukumbu, na pwani ya Kenya imekuwa ikiuzwa mitaani kama kilevi. Mara nyingi kupunguza dozi kungemaliza tatizo ambalo tumeliongezea kidonge cha pili.

Dawa za kizazi kipya hazikakamazi sana kama za zamani, ila zinadai kwa mlango mwingine. Olanzapini hufungua njaa isiyoshiba. Mtu anaweza kuongeza kilo nyingi katika miezi michache, na nyuma yake sukari na mafuta kwenye damu vikafuata. Risperidoni hupandisha homoni ya maziwa: mwanamke hukosa hedhi, mwingine hutokwa na maziwa bila kunyonyesha, kisha mtaa unamzushia mimba. Kwa wanaume, dawa nyingi kati ya hizi hupunguza hamu na nguvu za kiume. Nani atalisema hilo? Kijana anaingia chumba cha daktari akiwa na mama yake mzazi, mama ndiye anayejibu maswali yote, na daktari anamwuliza mama, "Analala? Anakula?" Kisha anatoka, anavitupa vidonge chooni, na kila mtu anauliza kwa nini mtoto huyu ni mbishi. Nimeongea na vijana watatu walioacha dawa. Wote watatu walinitajia sababu hiyo, na hakuna hata mmoja aliyewahi kuulizwa kliniki.

Halafu kuna ulimi. Baada ya miaka ya matumizi, hasa ya dawa za zamani, mdomo unaweza kuanza kutafuna bila chakula, ulimi ukatoka na kurudi wenyewe. Kwa dawa za zamani, katika watu wazima 100 karibu 5 hupata hali hiyo kila mwaka, na kwa wazee ni zaidi. Ikishika sana huenda isiondoke hata dawa ikisimamishwa, ndiyo maana ni ya kutafutwa mapema. Kuitafuta hakuhitaji mashine. Ni kumwambia mtu afungue mdomo.

Kuhusu wazee waliopotewa na kumbukumbu sina mengi ya kupima, maana mizani imeshalala. Tangu 2005 mamlaka ya dawa ya Marekani inataka onyo kali liandikwe, kwa kuwa kwenye majaribio wazee wa aina hiyo waliopewa dawa hizi walikufa kwa kiwango cha mara 1.6 hadi 1.7 ya wenzao. Bibi anayezunguka usiku huwa anahitaji taa na mtu wa kukaa naye kabla ya kidonge.

Kwa skizofrenia mizani haijalala hivyo. Uchunguzi wa Finland uliofuatilia zaidi ya watu 62,000 kwa hadi miaka 20 ulionyesha kuwa vifo vilikuwa vichache wakati watu wanatumia dawa kuliko wakati hawatumii, pamoja na huo unene na sukari, na waliotumia klozapini, mojawapo ya dawa hizi, ndio walikuwa na vifo vichache zaidi. Mkosoaji atasema anayemeza kila siku ni yule mwenye familia, chakula na nidhamu, basi si dawa peke yake inayomlinda. Ana hoja. Ila hoja hiyo haitoshi kunifanya nimwambie mtu aache.

Kuacha ndiko kwenye ubishi wa kweli. Mwaka 2013 Waholanzi walitoa habari ya watu 103 waliofuatiliwa miaka 7 tangu kuugua mara ya kwanza: waliokuwa wamewekwa kwenye mpango wa kupunguza au kuacha dawa, 40 katika 100 walirudi kwenye maisha yao kamili, waliobaki na dozi, 18 tu. Wapinzani wa dawa walishangilia. Kisha mwaka 2023 yakaja matokeo ya Uingereza, yakiongozwa na Joanna Moncrieff, daktari aliyezikosoa dawa hizi kwa miaka mingi. Watu 253 wenye ugonjwa wa kurudi rudi. Nusu walipunguziwa taratibu. Baada ya miaka 2, waliopunguziwa hawakuwa wakiishi vizuri zaidi kuliko wenzao, na robo yao walirudiwa vibaya, dhidi ya 13 katika 100 upande wa pili. Moncrieff aliyachapisha kama yalivyo, na kwa hilo namheshimu. Mimi nayasoma hivi: anayeugua mara ya kwanza na aliyerudiwa mara nne si mtu mmoja. Shirika la Afya Duniani nalo limewatenga, kwa kushauri aliyeugua mara ya kwanza akae na dawa angalau miezi 7 hadi 12 baada ya dalili kuisha ndipo mazungumzo ya kuacha yaanze.

Ila katika majaribio yote mawili palikuwa na mtu wa kupigiwa simu. Kwetu kuacha kwingi si uamuzi. Dawa zimekwisha dirishani, nauli hakuna, au mchungaji amesema imani na vidonge havikai pamoja. Huko ni kuacha kwa ghafla, kunakomrudisha mtu wodini haraka, kisha anapewa dozi kubwa kuliko ya mwanzo. Hata anayepunguza kwa mpango hujikwaa asipojua kwamba vipande vya mwisho ndivyo vizito: kutoka miligramu 10 kwenda 8 ubongo hauhisi sana, lakini kutoka 2 kwenda sifuri ni kama kuondoa mkono wote kwenye mlango uliokuwa ukiusukuma.

Kule Tanga, mwezi uliopita muuguzi alimwomba mama asubiri nje kwa dakika tano. Kilichosemwa humo ndani sikukiuliza. Kijana alitoka na karatasi inayomshusha kutoka miligramu 10 hadi 7 na nusu, arudi baada ya wiki nne, na namba ya simu imeandikwa nyuma. Wiki ya tatu nilimkuta akibishana na mdogo wake juu ya mechi ya Coastal Union, kwa sauti, akicheka. Mama alikuwa jikoni, amezima redio ili asikie vizuri kicheko hicho ni cha aina gani. Panga bado liko chini ya kitanda chake.