Kazi ya kiangazi kwenye meli za Karibi: miezi mitatu si miezi minane

Mpwa wangu ana stashahada ya hoteli na miaka miwili ya kubeba sinia Diani. Mwezi uliopita alikuja nyumbani na mkataba wa kurasa kumi na moja: mhudumu msaidizi wa mezani, meli ya kitalii, Miami hadi visiwa vya Karibi na kurudi, miezi minane. Shemeji akasoma ukurasa wa saa za kazi, akasema huu ni utumwa wenye tai. Dada akasoma ukurasa wa malipo, akauliza safari ni lini. Kisha karatasi zikasukumwa kwangu, maana mjomba ndiye huitwa kuamua ugomvi asiouanzisha.

Nimezisoma mara tatu. Wote wawili wanasema kweli, ila kijana mwenyewe ana picha ya kazi nyingine kabisa kichwani. Picha hiyo aliipata kwa mgeni mmoja hotelini, mwanafunzi wa chuo kutoka Uingereza, aliyemsimulia alivyokaa kiangazi kizima kwenye meli kama hizo akilea watoto wa abiria: asubuhi michezo, mchana ufukwe wa Cozumel, mwisho wa Agosti akarudi darasani na hadithi. Hakumdanganya. Kazi hiyo ipo. Juni hadi Agosti shule za Marekani zimefungwa, familia hujaa melini, na walezi wa watoto na watumbuizaji huongezwa kwa mikataba mifupi. Lakini mhudumu wa mezani, mpishi, msafisha vyumba na mtu wa dobi hawaajiriwi kwa kiangazi. Mikataba yao kwa kawaida ni ya miezi sita hadi tisa. Meli moja, kazi mbili.

Na kiangazi chenyewe si msimu wa neema huko. Sisi watu wa pwani tunajua bahari ina kalenda yake; hakuna aliyeng'oa nanga ya jahazi bila kuuliza kama ni kusi au kaskazi. Karibi msimu wa vimbunga huanza rasmi tarehe 1 Juni na kwisha 30 Novemba, na katika miezi hiyo meli kadhaa huhamishiwa Alaska na Mediterania. Wakati wa kilele ni Desemba hadi Aprili, Wamarekani na Wakanada wanapokimbia baridi. Mwanafunzi wa Uingereza atakuwa ameshateremka. Mpwa wangu atakuwa bado yumo, akihesabu sahani.

Ukubwa wa vyombo hivi ni vigumu kuueleza kwa mtu aliyezoea feri ya Likoni. Icon of the Seas, iliyoanza safari kutoka Miami Januari 2024, ina urefu wa karibu mita 365 na inaweza kubeba abiria 7,600 pamoja na wafanyakazi 2,350. Ni mji mdogo, na kama mji wowote una mitaa yake. Chini ya sitaha za abiria hupita korido ndefu ambayo mabaharia wa meli nyingi za huko huiita I-95, jina la barabara kuu ya mashariki ya Marekani. Humo hukokotwa mashuka, magunia ya viazi na mizigo ya abiria. Vyumba vya wafanyakazi wa ngazi ya chini havina dirisha; watu wawili, kitanda cha dabo deka, pazia la kujifichia. Mlezi wa watoto anaweza kulala pande hizohizo, siwezi kumwonea. Yeye ana miezi mitatu tu ya kulivumilia pazia hilo.

Sasa saa za kazi, alipokwama shemeji. Mkataba wa Kazi za Baharini wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 2006, ulioanza kutumika 2013, unaipa nchi yenye bendera ya meli uchaguzi. Inaweza kuweka kikomo cha kazi, saa 14 kwa siku na 72 kwa wiki. Au inaweza kuweka kiwango cha mapumziko, saa 10 kwa siku na 77 kwa wiki. Shemeji, mwalimu wa hesabu mstaafu, alichukua kalamu: wiki ina saa 168, ukitoa 77 zinabaki 91. Yaani kwa njia ya pili mtu anaweza kufanyishwa kazi saa 91 kwa wiki bila sheria kuvunjwa. Mkataba ulio mezani unasema saa 70, siku saba, hakuna Jumapili wala sikukuu. Nilipomwambia kwamba hiyo ni saa kumi kwa siku, tena imegawanywa vipande vitatu kufuata milo mitatu, akacheka cheko la mtu aliyeshinda.

Ila dada naye ana hesabu yake. Malipo ya uhakika ni dola 1,000 kwa mwezi, pamoja na fungu la bakshishi, ambayo kwenye meli hizi hukatwa moja kwa moja kwenye bili ya abiria, kama dola 16 hadi 20 kwa kila mtu kwa siku. Chakula bure, malazi bure, daktari yupo. Mhudumu wa Diani anayepokea kiasi hicho simjui. Nami nikaongeza hesabu ya tatu: miezi minane ni dola 8,000 za uhakika, lakini kati ya mkataba na mkataba kuna miezi miwili hivi nyumbani bila senti, kwa hiyo kwa kweli ni 800 kwa mwezi. Ukizigawa zile 8,000 kwa saa alizofanya kazi, unapata dola tatu na ushee kwa saa. Kima cha chini cha serikali kuu ya Marekani ni dola 7.25 tangu 2009.

Mbona basi meli inayopakia Wamarekani bandarini Miami hailipi kima hicho? Kwa sababu nyuma yake inapepea bendera ya Bahamas, Panama au Malta, na sheria ya ujira ya Marekani haimhusu baharia wa meli ya kigeni. Kampuni yenyewe inaweza kuwa na makao makuu Florida na kuwa imeandikishwa Liberia au Panama. Si lazima mambo yawe hivyo: Pride of America, inayozunguka Hawaii kwa bendera ya Marekani, hufuata sheria za kazi za Marekani. Hapo ndipo neno la shemeji lina uzito, ingawa "utumwa" ni neno ambalo watu wa pwani hii tungelitumia kwa uangalifu zaidi. Mtumwa hakusaini, wala hakuwa na tiketi ya kurudi. Baharia ana haki ya kurudishwa kwao kwa gharama ya mwenye meli, japo mwaka 2020, korona ilipofunga bandari, makumi ya maelfu walikaa melini kwa miezi, wengine bila mshahara.

Hoja ya kuona dunia naiweka pembeni. Atakayefurahia saa tatu za kuzurura Nassau kati ya chakula cha mchana na cha jioni, vyema, lakini siku meli inaporudi Miami, abiria wa zamani wanashuka asubuhi na wapya wanaanza kupanda kabla ya adhuhuri, na hakuna anayeona kitu ila masanduku.

Kwa hiyo nilimwambia aende, ila si kwa picha ya yule mgeni. Mikataba miwili, deni la ada lilipwe, cheti cha usalama wa baharini kimbakie mkononi, na kabla ya wa tatu aombe kuhamia jikoni au stoo, ambako ujuzi wake utanunulika hata nchi kavu. Dada alisema namkatia mtoto riziki, shemeji akasema nimemuuza.

Lilibaki jambo moja dogo. Mkataba ule wa kimataifa unamkataza wakala kumtoza baharia ada ya kumtafutia kazi; anachoweza kuachiwa alipie ni cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Wakala wa mpwa wangu ameomba shilingi elfu sitini za "kufungua faili", kwa simu, zitumwe kwa namba ya mtu binafsi. Nilimwambia kijana aombe kwanza risiti yenye jina la kampuni ya meli. Aliomba Jumatatu. Leo ni Ijumaa na simu ya wakala inaita tu.