Tuwaombee bila kuwahoji

Poleni sana wazazi mlioomba sala kwa ajili ya mtoto wenu aliye chumba cha wagonjwa mahututi. Nimemtaja usiku huu.

Wetu alipopata degedege la homa akiwa na miaka 2, mimi niliyezoea kuombea wengine nilishindwa hata neno moja. Dada mmoja akanisomea Zaburi 121 kwa simu, ule mstari wa asiyesinzia wala kulala, kisha akaja kushika zamu kitandani nikalala kidogo. (Nililia zaidi kwa hiyo zamu.)

Ila ninyi mnaowauliza wazazi hawa imani yao iko wapi, acheni. Yakobo 5:14 inataka mgonjwa aombewe. Kuhoji familia haimo. Na wauguzi wa usiku, watajeni pia.