Bangili ya Kufuli

Mke wangu dhahabu ya dukani haimsisimui. Yeye ni vitu vya mkono tu: mfupa uliochongwa, shanga zilizotungwa, shaba iliyofuliwa. Basi Jumamosi moja nikajitosa Maasai Market, ile inayotandazwa kwenye uwanja wa magari wa Mahakama ya Juu, Nairobi.

Mabroka wakanidaka kabla sijavuka barabara. Hawa ukiwafuata wanakuzungusha na kikapu, unachagua kwa huyu, unachagua kwa yule, bei unaambiwa mwishoni, jumla jumla, ukiwa huna tena nguvu ya kubishana. Nikawaponyoka, nikatua kwa mama mmoja aliyepanga vipuli vya mfupa na bangili za kila namna. Mama alijua bidhaa zake. Mfupa ni wa ng'ombe, akaniambia, unatoka machinjioni, unachemshwa mafuta yatoke, unakatwa, unapigwa msasa mpaka unang'aa.

"Na hizi za shaba?"

"Hizo ni kufuli kuukuu na koki za mifereji ya maji, kaka. Vijana wa Kibera wanayeyusha, wanamimina kwenye kalibu."

Bangili moja ya shaba alitaka elfu moja mia tano. Nikasema mia tano. Akacheka, akauliza mkono wa mke wangu uko aje. Sasa mkono wa mke unaelezwaje na maneno? Nikaivaa ili nimwonyeshe. Ilipita kwenye vifundo vya vidole kwa manung'uniko, ikafika penyewe, ikatulia. Kutoka, ikakataa. Kufuli lilikuwa limekumbuka kazi yake ya zamani.

Tulikuwa tumeshuka hadi elfu moja na mama ameanza kulegea. Ndipo akaniona navuta kwa siri nyuma ya mgongo. Akaketi, akajimiminia chai, akasema kwa upole mkubwa, "Elfu moja mia tano, kaka. Na haraka sina."

Watu wakajaa. Mmoja akaleta sabuni, mwingine mafuta ya kujipaka. Mzee fulani akaniamuru niinue mkono juu damu ishuke, nikabaki nimeunyoosha kama shahidi anayekula kiapo, na mahakama yenyewe ile pale. Mtalii akapiga picha. Nadhani alidhani ni mila.

Kisha kijana mwembamba akanisogelea, akaninong'oneza sikioni kwa sauti ya mtu anayeuza bangi. "Boss. Dawa yake ni juala."

Juala! Tangu Agosti 2017 mifuko ya plastiki ni marufuku Kenya. Faini inafika milioni 4, au ufungwe hadi miaka minne. Na mwenzangu anautoa kwenye soksi, hatua chache kutoka kwa hakimu. Lakini fundi alikuwa fundi. Akanivisha mfuko mkononi, akaupenyeza chini ya bangili, akaanza kuisukuma juu ya plastiki. Ikateleza! Ikafika kwenye vifundo, imebaki pumzi moja tu, mtu akapaza sauti: "Kanjo!"

Kijana akayeyuka. Umati ukakumbuka shughuli zake. Nikabaki na askari wawili wa jiji wananijia, mkono wangu ukiwa kwenye plastiki haramu. Nikautumbukiza wote mfukoni mwa suruali.

"Umeficha nini hapo?"

"Mkono, afande."

"Utoe tuuone."

Nikavuta. Haukutoka. Nikavuta tena, nikiwa natabasamu, suruali ikipanda upande mmoja, askari wakinitazama kwa mashaka yanayokua. Mara pwaa! Mkono ukachomoka mtupu, unang'aa kwa sabuni na mafuta. Bangili na juala lake vikabaki chini mfukoni. Nikawageuzia kiganja, mbele na nyuma. Hawakuona kosa lolote, ingawa hawakuondoka.

Mama akaweka kikombe chini. "Na bangili yangu iko wapi?"

Askari wakageuka tena. Nikiitoa bangili, mfuko nao utafuata, maana nilikuwa nausikia umejiviringisha humo ndani. Nikachomoa pochi kwa mkono wa kushoto, nikahesabu elfu moja mia tano, nikampa bila kuomba hata shilingi kumi ipungue.

Mama akazikunja noti, sura imechangamka. "Asante sana, kaka. Nikutafutie mfuko?"

"Mfuko ninao, mama."